Mbao za Ukuta

Misimu mitatu nilikimbia winga ya kushoto
nikiipigia krosi hewa.
Hewa haina kifua. Hewa haina kichwa.
Mpira ulipita mbele ya goli la watu wa Makambako
kama barua isiyo na anwani,
ukaenda kulala kwenye misindano,
na mtoto wa kuufuata tulimlipa
hindi moja la kuchoma.

Lukelo Chengula tulimweka nyuma.
Nani asingemweka nyuma?
Mtu anayeinua gogo peke yake pale kiwandani
wenzake wakiwa bado wanahesabu "moja, mbili",
mtu huyo ni ukuta, tulisema,
na ukuta hauombwi kucheza ngoma.
Simama. Zuia. Sukuma kwa bega.
Ukiupata, butua.

Ila mimi nilikuwa nimemwona.
Zamu ya usiku, Mafinga imeganda,
Mwajombe yuko juu ya lori anarusha mbao,
na Lukelo hazidaki kwa pupa.
Anarudi nusu hatua.
Anaiacha mbao ichoke kidogo hewani,
kisha anaipokea kwa kiganja, kimya,
kama mtu aliyekabidhiwa chombo cha watu.

Nikamwambia kocha Kisinga.
Kocha alicheka mpaka akakohoa.
"Beki ni beki."
Nikasema, kocha, wewe ni seremala.
Mbao za ukuta na mbao za mlango
si zinatoka gogo moja?
Hakujibu. Aliinama kufunga kamba za viatu.
Alikuwa amevaa kandambili.

Jumapili ile ukungu ulikaa juu ya mtambaa panya
kama shuka iliyoanikwa.
Dakika ya sitini, tumefungwa moja,
kocha akanyoosha kidole bila kutazama mtu:
"Chengula. Mbele."

Nikapiga krosi. Ileile ya miaka mitatu,
sikuongeza chumvi wala ndimu.
Na safari hii hewa ilikuwa na kifua.

Mpira ulimgonga, ukateremka, ukatulia mguuni
kama kuku aliyeona giza.
Beki wao mmoja alikuwa mgongoni kwake. Wa pili akaja.
Wa tatu akaacha alikokuwa amewekwa,
na hapo nikaona, kwa mara ya kwanza,
kwamba uwanja ule una vyumba.
Kila anayekimbilia jitu
ameacha nyumba yake haina mtu.
Yohani wetu, muuza vocha wa stendi,
kilo arobaini na nane pamoja na viatu vya kuazima,
aliingia humo bila kubisha hodi.
Moja kwa moja.
Na ubao ukasoma hivyo hivyo.

Tangu siku ile hata kipa wetu
alianza kuinua macho kabla ya kupiga.
Winga wa kulia, mvivu yule, akagundua ana mapafu.
Tulijifunza kutuma mpira mahali,
si kuufukuza.

Watu wa vijiweni huhesabu magoli.
"Manne msimu mzima? Straika gani huyo?"
Waache. Mimi nahesabu mabeki aliowabeba mgongoni
siku wengine walipokuwa wanashangilia,
na ile kona ya mwisho dhidi ya Njombe,
aliporudi mbio mpaka golini kwetu
akaupiga kichwa wa kwanza yeye,
ukuta tena, dakika mbili tu,
halafu akaondoka kwenda kuwa mlango.

Usiku mmoja nilimuuliza nani alimfundisha.
Aliniomba tochi.
Akachokonoa kidole gumba kwa ncha ya msumari,
akatoa kibanzi, akakiweka kwenye kiganja changu.
"Ukipokea kwa hasira," akasema, "unapewa hiki."
Nilitaka kuuliza zaidi,
lakini msumeno uliwashwa,
na hatukusikiana tena mpaka asubuhi.